Mama Supu, Barabara ya Bustanini Sasa Ni Thelathini

Ni mwaka sasa, Mama, tangu alfajiri ile ulipovuta mlango taratibu usituamshe, ukashika njia ya kazini, na usifike.

Wagonjwa walikuita Mama Supu. Jikoni mwa hospitali ulikuwa wa kwanza kuwasha majiko, na hukukubali chakula kitoke kabla hujakionja mwenyewe. "Mgonjwa hana hamu ya kula, halafu umpe maji ya moto yenye chumvi?" uliwaambia wapishi wenzako. Nyumbani ulikuwa hivyohivyo. Mgeni akisema ameshiba, ulimjibu, "Basi hii kula ya njiani," na sahani ilikuwa imeshajaa. Uliimba vibaya, tena kwa sauti. Baba akilalamika, ulimwambia sikio lake ndilo bovu.

Njia yako ilikata katikati ya bustani ya jiji. Barabara ile haina taa wala kijia cha waenda kwa miguu, na miti imeifunika pande zote mbili. Huko ndiko gari lilikokugonga. Dereva alisimama, akakufunika koti lake, akapiga simu, akabaki nawe hadi mwisho. Polisi walipopima alama za breki, walituambia alikuwa kwenye mwendo wa kilomita hamsini kwa saa, na hamsini ndiyo iliyoruhusiwa pale, mchana na usiku.

"Hakuvunja sheria," walisema.

Jioni Baba akasema, "Basi twende kwa wenye sheria."

Ikawa nenda, rudi kwenye ofisi za jiji. Leo mkubwa yuko safarini, kesho kikao kimeahirishwa. Mara wakatueleza kuwa taa zingesumbua ndege wanaolala mitini. Tukawajibu kwamba hatukuja kuomba taa. Ndege walale salama, ila magari yapunguze mwendo gizani. Mama mdogo, si unamjua mdogo wako, alihamia kwenye benchi la mapokezi na ufumaji wake, mpaka walinzi wakawa wanamletea chai.

Hatimaye baraza la jiji likatusikiliza. Diwani mmoja akasema, "Lakini jamani, alfajiri watu wanawahi kazini."

"Hata mke wangu alikuwa anawahi kazini," Baba akamjibu, akakaa.

Ndipo mtu mmoja akasimama nyuma ya ukumbi. Alikuwa yule dereva. Hatukuwa tumemwita. Kaka aliinuka atoke nje, Baba akamshika mkono.

"Watu wanadhani sikumwona," dereva alisema. "Nilimwona. Taa zangu zilimmulika, nikakanyaga breki kwa nguvu zangu zote. Kwa mwendo ule mlioniruhusu, kumwona hakukumsaidia. Naomba mtupunguzie mwendo."

Kanuni ikapita: thelathini, tangu jua linapozama hadi linapochomoza, na matuta kabla ya kila mahali watu wanapovuka. Nje, Kaka alimpa dereva mkono.

Siku hizi Baba hupita pale na gari lake kuukuu kwa thelathini kamili. Walio nyuma wakimpigia honi, yeye huwapungia mkono kama bwana harusi.

Hatujamaliza, Mama. Barabara za bustani nyingine mbili za jiji bado ni hamsini gizani, na watu wanazipita kwa miguu kwenda kutafuta riziki. Baraza linakaa tena wiki ijayo. Tutakuwa viti vya mbele. Dereva naye amesema atakuja.

Unakumbukwa na mumeo, wanao, mmoja fundi umeme na mwingine mwalimu, mdogo wako, Mama mdogo wetu, wakwe zako, wajukuu zako, hata yule mchanga uliyemwacha bado yumo tumboni mwa mama yake, na wapishi wenzako wote wa jiko la hospitali.

Maisha yetu yote hatutakusahau, na hatutanyamaza.