Kampuni Ikiondoka

Jumatatu, 3 Machi
Kliniki ya wajawazito. Foleni ndefu, mizani mbovu tena. Mjamzito mmoja, Kabula, kaja. Ana kovu la upasuaji wa uzazi uliopita, hatakiwi kujifungua kwa kusukuma. Zimebaki wiki mbili. Chumba chetu cha upasuaji kimeezekwa, lakini hakina taa wala mashine ya usingizi. Ili kuvinunua, halmashauri ilitegemea ushuru wa kampuni inayotafuta mafuta huku bondeni Usangu. Naogopa kuliko Kabula mwenyewe.

Jumatano, 5 Machi
Mkutano wa kata. Diwani kasema kampuni inaomba isamehewe ushuru. Mafuta hayajapatikana, kwa hiyo hata mrabaha, fungu lake la mauzo ya mafuta, serikali haipati bado. Wakibanwa wataondoka. Wengi wana ndugu wanaofanya kazi kambini kwao. Nikasimama. Nikasema malori yao yameharibu barabara, na wajawazito wetu wanapita humo humo. Walipe. Mume wangu, Lwitiko, alikuwepo. Ni dereva wao. Hakuniangalia.

Ijumaa, 7 Machi
Meneja kamuuliza Lwitiko kama yule nesi ni mke wake. Kajibu ndiyo. Nyumbani kasema tu, "Mama Eliza, ungeniambia kwanza."
Kweli. Sikumwambia kwa sababu angenizuia.

Jumatatu, 10 Machi
Kambi imesimamisha kazi. Wengine wanasema ni mvua. Wengine wanasema ni mimi. Lwitiko kaambiwa abaki na gari, asubiri simu. Sokoni muuza mchele kanigeuzia mgongo; wanawe wawili ni vibarua kule. Kama kampuni imeondoka, ushuru hakuna, taa hakuna, kazi hakuna. Nitakuwa nimebomoa pande zote.

Jumatano, 12 Machi
Kabula kaletwa asubuhi. Uchungu umewahi. Kovu linauma hata uchungu ukitulia. Dalili mbaya. Gari la wagonjwa limekwama matopeni, mbali. Nikampigia Lwitiko. Akaja na gari la kampuni, bila ruhusa ya mtu.
Nilikaa nyuma, nimemshika Kabula. Kwenye mashimo ya malori alipiga kelele, "Nesi, linachanika!" Nilisali Kihehe, kama mtoto. Lwitiko alikwepa mashimo mpaka lami. Tulipofika Uyole, mlangoni mwa Mbeya, nikaanza kulia.
Hospitalini Mbeya wakampasua mara moja. Kovu lilikuwa limeanza kuachia. Mtoto wa kike. Wazima wote wawili.

Ijumaa, 14 Machi
Wamemnyang'anya Lwitiko gari. Kazi basi. Diwani anasema mazungumzo ya ushuru yanaendelea. Hajui watalipa au watahama. Hakuna anayejua.
Nimepekua daftari la kliniki. Wenye makovu bado watatu. Mmoja anajifungua mwezi huu.
Mvua imekatika. Lwitiko kalala mchana, jambo ambalo sijawahi kuliona. Gauni la Kabula lenye damu, lililobaki garini, amelifua yeye, limeanikwa uani. Sikumwamsha. Nimerudishia mlango taratibu, nimekwenda kazini.