Mizizi ya Dalia

Kitengela, 12 Machi 2025

Mulwa,

Mchoro wa maua wa Mwaitu, mama yetu, ulipotea ukutani Jumamosi tarehe 8, siku tuliyomzika, tukiwa bado tunaosha sufuria. Haya, hamjambo huko Kajiado? Mke wako Nelima aliacha kukohoa? Sisi tuko tu. Mgongo unauma na duka halinihurumii.

Kila mtu alichukua kitu chake mbele ya wazee. Wewe uliulizwa, ukasema hutaki kitu. Ni wewe?

Dadako, Nthambi

Kajiado, 2 Aprili 2025

Dada mpendwa,

Salamu nyingi. Nelima amepona. Mvua ndiyo bado.

Ni mimi. Wanaume wanagawana mbuzi na majembe, mimi niombe picha ya maua? Niliona aibu. Sasa iko sebuleni, naiangalia kila asubuhi nikinywa chai. Umewahi kuona jani la dalia liko na matundu? Mwaitu alichora hadi pale panzi alikula! Na ile zinia ya pembeni imeanza kukauka, rangi yake kama chai ya rangi. Mtu mwingine angechora zile nzuri tu.

Fundi wa fremu hapa sokoni ako na fremu za picha za harusi pekee, kwa hivyo alipunguza kidogo huku chini ikaingia. Imependeza, njoo uone.

Ndugu yako, Mulwa

Kitengela, 3 Aprili 2025

Mulwa,

Tumeamka salama. Nashukuru Nelima amepona.

Nilikuwa nimejiandaa kukutukana, nikafika kwa matundu nikaacha. Miaka yote nilidhani ni mimi tu niliyaona.

Lakini mimi nauza vioo. Krismasi niliupima huo mchoro nimkatie Mwaitu kioo: sentimita sitini kwenda chini. Fremu ya harusi ni hamsini. Hiyo "kidogo" yako ni kumi, na hapo ndipo palikuwa na mizizi. Mwaitu aliing'oa ile dalia, akaiosha kwa beseni, akachora mizizi yake minene kama viazi, na kila kamzizi. Ukapita ukamwambia, "Mwaitu, siku hizi unachora mboga?" Alicheka mpaka akaweka brashi chini. Dalia yenyewe haikushika tena alipoirudisha kwa udongo.

Kaa na mchoro. Nimechoka kugombania vitu vya marehemu. Lakini kile kipande, fundi bado ako nacho ama alikitupa? Usinizungushe na salamu. Nenda umuulize, unijibu Jumamosi hii kabla ya saa sita mchana: kiko ama hakiko?

Dadako, Nthambi