Mihogo Niliyokuletea kwa Baiskeli

Msimbu, Kisarawe,
8 Februari 1976.

Kwa Kaka Mfaume, Mlandizi.

Shikamoo, Kaka. Natumai wewe, Shemeji Zubeda na watoto hamjambo. Sisi tu wazima. Madhumuni ya barua hii ni kukuarifu habari za kilimo hapa kijijini, na kisha kuomba uamuzi wako.

Mwaka jana tuliletewa Bwana Shamba mpya, Didas, Mnyamwezi wa Tabora. Nasi Wazaramo, kwa kuletewa mtani wetu wa jadi, tulifurahi kupita kiasi. Alikagua mihogo yetu, akaona majani yaliyojikunja yenye mabaka ya njano, akatangaza mkutanoni kwamba ni ugonjwa wa batobato, hivyo tung'oe yote tuchome moto. Tulicheka hadi machozi. Mimi nilisimama nikamwambia kwamba Mnyamwezi akichoka kubeba mizigo huja kuwachomea wenyeji chakula. Naye akanijibu kwamba Mzaramo husikia ngoma ikilia mbali huko Kurui, lakini shamba lake likimwita huwa kiziwi. Mkutano ulivunjika kwa vicheko, na hapana aliyeng'oa.

Isipokuwa jirani yangu Bi Mwanamvua. Masikio yake ni mazito, utani wote ulimpita. Didas akamfuata nyumbani kumweleza taratibu, naye akatii, akang'oa na kupanda mbegu safi aliyopewa. Leo mihogo yake ni minene kama mchi, yangu ni kama vidole. Mke wangu Swaumu huniuliza kila jioni kama achemshe mihogo ya kuomba au utani wangu.

Nilikwenda kumtaka radhi Didas. Alinitoza jogoo kwa haki ya utani, akamla mbele yangu, kisha akaniahidi mbegu safi.

Sasa, Kaka, nakiri. Katika barua yako umelalamika kwamba mihogo yako imedumaa, ukailaumu ardhi ya Mlandizi. Ardhi haina kosa. Ile mizigo mitatu ya vijiti vya mbegu niliyokuletea kwa baiskeli, nikajisifu mbele ya shemeji, ilitoka katika shamba langu hilo hilo, baada ya mkutano ule. Majani niliyaona. Niliyapukuta yote ili usiniulize. Nawe umeandika kwamba masika haya utawagawia majirani mbegu hiyo. Tafadhali usimpe mtu hata kijiti kimoja.

Didas yu tayari kuja nami Jumamosi ijayo na mbegu safi, lakini hagusi shamba la mtu bila idhini yake. Jembe nitashika mimi.

Wote hapa wanakusalimu, na Swaumu anamsalimu sana Shemeji.

Naomba uamuzi wako: tuje tung'oe, au tusije?

Ni mimi mdogo wako mtiifu,
Mwishehe