Droo ya X

Shikamoo mama,

Nakuamkia kwanza, maana wewe ulikuwa huniitikii neno lolote kabla ya shikamoo. Sisi wazima. Baba anakula, ila kila siku analalamika kwamba ugali wangu wa muhogo una mabonge na samaki wale wa ziwani, migebuka, naikausha mno. Nikamwambia avumilie, mpishi kaondoka. Tukacheka.

Mama, nimepewa kazi kwenye masjala yako, pale pale zahanati. Kadi zote za wagonjwa zinahamia kwenye kompyuta, na mimi, yule uliyekuwa ukimsema kwamba simu itamtoboa macho, ndiye ninayeandika programu. Nimekalia kiti chako. Bado kinayumba.

Nimelifuata kabati lako kama lilivyo: droo ishirini na sita, A mpaka Z, alfabeti ya Kiingereza. Kwa kompyuta kila herufi ni namba, zimesimama foleni, basi nikaiambia ianze A iende mpaka Z. Siku ya kwanza nikaandika Asha kwa herufi ndogo tupu, ikampeleka nyuma ya Zuberi! Kumbe yenyewe inahesabu herufi kubwa zote kwanza, ndogo baadaye. Ungenicheka wewe, uliyekuwa unapanga kadi huku unapiga soga dirishani, na hukosei.

Nikaiamuru pia iruke Q na X. Nani Kigoma hii jina lake linaanza na X? Q naijua, ndimo ulimoficha chakula chako cha mchana, mpaka leo inanukia mawese. X sikuwahi kuiona ikifunguliwa.

Wiki iliyopita tulikuwa tunalitoa kabati nje. Nikavuta X, nikakuta kadi moja, imefifia. Muuguzi mmoja wa siku nyingi akanieleza kwamba vichanga ambao hawajapewa jina uliwaweka humo wasubiri, na mzazi akirudi na jina unamhamishia mtoto kwenye herufi yake. Nikaisoma. Mtoto: wa kike. Baba: Hamisi. Mama: Zaituni Rajabu. Mahali pa jina la mtoto hapana kitu.

Mama jamani. Nilikuwa na miaka minne, mkanipeleka kwa bibi kule Kidahwe, na niliporudi tumbo lako halikuwepo, mtoto sikumwona, na hakuna aliyesema kitu. Kumbe miaka yote hiyo ulikuwa naye, hatua mbili kutoka kwenye kiti chako. Nililia pale pale sakafuni, sikujali nani ananitazama.

Mganga mfawidhi akasema, kwa upole tu, kwamba kadi isiyo na jina haiingii, ichanwe. Na kweli kompyuta iliikataa, inataka herufi ya kwanza. Sheria hiyo niliiandika mimi mwenyewe, kwa vidole vyangu hivi. Lakini nimchane mdogo wangu? Nikaikunja kwenye kitambaa, nikampelekea baba.

Aliishika muda mrefu. Nikadhani atanikemea kwa kuchokonoa yaliyopita. Akasema, "Tulikuwa bado tunabishana jina. Mpe la mama yake."

Nimemwandika jana: Zaituni Hamisi. Kompyuta ikampanga yenyewe. Akina Zaituni wamejaa mji huu, wapo mbele yake na wapo nyuma yako, ila kati yake na wewe, Zaituni Rajabu, hakuna mtu. Mmefuatana. Nilikaa nikitazama yale majina mawili mpaka chai ikapoa.

X nimeirudisha kwenye programu. Nakuahidi, kichanga asiye na jina atasubiri humo, na hakuna atakayemfuta nikiwa nimekalia kiti hiki.

Pumzika mama yangu. Nisalimie mdogo wangu. Sasa unaweza kumwita.

Mwanao,
Rehema