Mama Hakimbii Mvua Tena

Puerto Lirio, Kolombia
9 Mei 2019

Mpendwa dada Doralba,

Hujambo na baridi ya Chile? Kifua kimepona? Sisi tu wazima wa mwili, ila nyumba bado imepooza tangu tope la mto lilipomchukua mdogo wetu Wilmar.

Kuna jambo sikukuambia kwenye simu. Miaka miwili hii, wingu likitanda tu, Mama alikuwa anakamata blanketi na kupanda mbio mpaka kanisani mlimani. Hata manyunyu. Mara mbili ameanguka njiani. Nikimtuliza ananijibu, "Nyamaza. Wewe hukuwepo mto ulipokuja."

Mwezi wa pili nesi Marleny wa zahanati alimpa daftari. Hakumkataza kuogopa. Alimwambia mvua ikianza aandike anadhani nini kitatokea, na ikikatika aandike kilichotokea. Tena ajiulize: king'ora kimelia? Mto umenyamaza ghafla, kama uliozibwa huko juu? Kuna harufu ya tope? Kimoja tu kikiwepo, akimbie.

"Mto hausomi daftari, binti," Mama alimcheka.

"Hausomi, Mama Otilia. Lakini wewe unasoma."

Basi akaandika: "Leo tunakufa." Chini yake: "Nguo zimelowa kambani." Kurasa nzima hivyo hivyo. Kidogo kidogo akaanza kusita mlangoni, anasikiliza, anapima. Nesi anasema woga wa zamani haufutiki. Ubongo unajifunza jambo jipya kando yake, taratibu.

Jumanne ilinyesha mvua ya kutisha. Mama akasimama mlangoni, akasikiliza, akanusa. "Mto unaongea," akasema. "Hii ni mvua tu." Akaketi.

Furaha yangu haikumaliza dakika, dada. Alilia kilio ambacho hakukilia hata mazikoni. "Siku ile nilikimbia peke yangu, Yamile. Nilimwacha Wilmar amelala."

Sikujua. Je, wewe ulijua? Nilimkumbatia tu mpaka mvua ikakatika.

Sasa hakimbii mvua, lakini chakula hakimpiti kooni. Ameniomba nikuandikie, maana kwa simu hawezi. Anauliza kama bado utamwita mama.

Msalimie shemeji Rodolfo, na mwanao Luzmila umbusu. Bikira awafunike kwa shela lake huko ugenini.

Jibu upesi, dada. Barua mwandikie yeye, si mimi.

Mdogo wako akupendaye siku zote,
Yamile