Motokaa Haikusimama

Baba Habibah,

Ndizi ziko jikoni, nimezifunika kwa majani. Sabuni iliyobaki ni ya kufulia, usiitumie tena kuziba tangi la motokaa linalovuja. Na utie maji kwenye rejeta kabla hujaiwasha, jana ulisahau ikafuka moshi.

Nimekwenda Bwera na lori la samaki kutoka Hamukungu. Harusi ya mdogo wangu haiwezi kutungoja, ingawa nitafika nikinuka samaki. Nimechoka, mume wangu. Tangu uinunue hiyo motokaa kuukuu, kila safari naianza kwa kusukuma. Leo nimesukuma na nguo za harusi mwilini, ikawaka, nawe ukateremka nayo ukipiga kelele, "Nikisimama itazima!" Nikabaki barabarani, matope hadi magotini. Nimekungoja mpaka lori likaja, nikarudi ndani kukuandikia haya dereva akinisubiri.

Usije kunichukua. Hapana, maneno hayo nimeyafuta. Njoo Jumapili, lakini uiegeshe kwenye mteremko.

Ningeweza kukukimbilia nikupigie ukelele. Sikufanya hivyo kwa sababu ulikuwa unacheka, na kicheko chako sikuwa nimekisikia tangu tumzike mtoto wetu Habibah.

Mama Habibah