Krimu Haikuwa na Maziwa

Mama,

Nimepitia nguo za mtoto, nikakukuta umelala. Uji uko kwenye chupa. Kunywa kabla ya dawa ya presha, usijifanye umesahau.

Mjukuu wako anapumua vizuri sasa, ila midomo bado imevimba. Asubuhi nilikufokea mbele ya majirani, nawe umeshika kile kisu ulichomkwangulia krimu ya biskuti ili asile maziwa yanayomdhuru. Nimesoma pakiti hospitalini: krimu ni sukari na mafuta matupu. Maziwa yamo kwenye biskuti yenyewe. Hata mimi ningekwangua. Nisamehe.

~~Usije hospitali, pumzika.~~ Njoo. Nikimlisha mimi anagoma. Anasema mpaka bibi aje amtolee vitu vibaya kwanza.

Mkweo